Theodor Boveri: Aliyeifumbua saratani kabla ya vipimo kupatikana

MWANASAYANSI Theodor Boveri alifariki dunia Oktoba 15, 1915, mjini Würzburg, Ujerumani, siku tatu baada ya kutimiza umri wa miaka 53. Aliacha nadharia nzito: kwamba saratani huanzia katika seli moja iliyopata mgawo usio sahihi wa kromosomu. Enzi hizo hapakuwa na maabara iliyoweza kuithibitisha.

Boveri, aliyezaliwa Bamberg mwaka 1862, hakuwa tabibu wa saratani. Alikuwa profesa wa elimu ya wanyama, na hoja yake aliitoa baharini. Mjini Naples, Italia, alichunguza kwa hadubini mayai ya kiumbe mdogo mwenye miiba mwili mzima. Yai lililorutubishwa na mbegu mbili kwa pamoja liligawa kromosomu zake ovyo, na karibu viinitete vyote viliharibika.

Mwaka 1902 alihitimisha kuwa kila kromosomu ina wajibu wake. Mwaka 1914, akiwa tayari amedhoofishwa na maradhi, alichapisha kitabu kilichoihusisha hoja hiyo na uvimbe wa saratani. Wengi waliitilia shaka. Mjane wake, Marcella, mwanabiolojia Mmarekani, hakukiacha kitabu hicho kisahaulike. Alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1929.

Vipimo vilikuja polepole. Mwaka 1924 Mjerumani Robert Feulgen alibuni rangi inayoshika DNA, ambayo baadaye iliwezesha kiasi cha DNA kupimwa katika kiini kimoja kimoja chini ya hadubini. Tangu miaka ya 1960 ikapatikana mitambo inayopitisha seli zilizotiwa rangi mbele ya mwanga, moja baada ya nyingine.

Kila njia ina ubora wake. Mtambo hupima maelfu ya seli kwa muda mfupi, lakini seli za saratani chache zinaweza kumezwa na wingi wa seli zenye afya. Hadubini hupima seli chache zaidi, ila mtaalamu huona na kuchagua anachokipima.

Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kromosomu yenye kasoro katika aina moja ya saratani ya damu. Boveri alikuwa kaburini kwa miaka 45, lakini swali lake lilikuwa limeanza kupata jibu.