Joy Adamson: Mchoraji wa Isiolo aliyechagua nyuso za watu badala ya miungu

WENGI humkumbuka Joy Adamson kwa sababu ya simba jike aliyeitwa Elsa. Wachache wajua kwamba kabla ya Elsa, mama huyu aliyeishi Isiolo alikuwa mchoraji hodari.

Alizaliwa Januari 20, 1910 mjini Troppau, uliokuwa katika milki ya Austria na Hungary. Leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Aliitwa Friederike Victoria Gessner. Ujanani alisomea muziki na uchongaji mjini Vienna. Katika jumba kuu la sanaa mjini humo, wachoraji wa kale wanasimulia mapenzi kupitia miungu ya Wagiriki na Warumi. Correggio alimchora Jupiter, mkuu wa miungu, akijigeuza wingu ili amkumbatie msichana Io. Rubens naye alichora sherehe ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi.

Joy alishika njia nyingine. Aliwasili Kenya 1937. Mumewe wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally, alimpa jina Joy na kumhimiza achore maua, kazi iliyomtunukia nishani ya dhahabu nchini Uingereza mnamo 1947. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyefanya kazi Isiolo.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora jamii za Kenya zikiwa katika mavazi ya jadi. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchi akichora wazee, morani, maharusi na vijana waliotoka jandoni. Hapa mapenzi na ndoa havikuhitaji Venus. Shanga za bi harusi zilitosha kusimulia.

Ni kweli kwamba aliyeagiza kazi hiyo alikuwa mkoloni. Hata hivyo, mengi ya mapambo hayo hayavaliwi tena, na michoro yake imebaki ushahidi wa jinsi mababu walivyojipamba.

Elsa aliingia maishani mwake 1956, na kitabu cha 1960 kikampa Joy umaarufu duniani. Sifa za simba zikafunika zile za brashi.

Joy aliuawa Januari 3, 1980 huko Shaba, Isiolo, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Michoro yake mingi imehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa. Huko, mjukuu anaweza kuutazama urembo wa ukoo wake, uliochorwa na mgeni kutoka nchi ya mbali.