Luigi Broglio na Darubini Iliyopita Juu ya Voi

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, roketi nyembamba iliruka kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikashika njia ya mashariki juu ya Bahari ya Hindi. Ilibeba setilaiti yenye uzito wa kilo 141 hivi. Baada ya saa moja na nusu na ushei, setilaiti hiyo ilikuwa imekwisha kuizunguka dunia, nayo ikarejea kutokea magharibi na kupita karibu na utosi wa Voi na milima ya Taita, zaidi ya kilomita 500 juu. Mzingo wake uliinama kwa nyuzi 3 tu kutoka ikweta, na Voi iko nyuzi 3 na kidogo kusini. Kwa hivyo tangu siku hiyo ilikatiza katika anga ya Taita mara 14 hivi kila siku. Ilikuwa darubini ya kwanza kuwekwa angani mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za mbinguni. Aliyeuwezesha mwambao wa Kenya kuirusha ni Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi Roma, akawa afisa wa jeshi la anga na, wakati huohuo, profesa aliyeongoza shule ya uhandisi wa anga katika chuo kikuu cha jiji hilo. Nchi yake, iliyotoka vitani hoi, haikuwa na roketi wala uwanja wa kurushia. Mataifa mawili makubwa yaliposhindana angani, yeye alitafuta mlango wa tatu: alikubaliana na Marekani mwaka 1962 kwamba wao watoe roketi na mafunzo, nao Waitalia watengeneze setilaiti na kutafuta mahali. Desemba 1964 vijana wake waliirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani.

Mahali alipopataka palikuwa ikweta, na kwa sababu nzito. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi yake hukaribia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ndogo inayorushwa hapo hupata msukumo wa bure. Isitoshe, mzingo wa ikweta huikwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mnururisho ambayo hutia kelele katika vyombo vya kupimia. Italia haina ardhi ya namna hiyo. Broglio akaamua kwamba kama ardhi haipo, bahari ipo. Jukwaa la kuchimbia mafuta lilikokotwa hadi Ngomeni na kupewa jina la Santa Rita, likawa la waongozaji. La pili, San Marco, likawa la roketi yenyewe. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Baina ya mwaka huo na 1988 roketi 9 za aina ya Scout zilibeba setilaiti kutoka Ngomeni, na zote 9 zilifaulu. Vituo vyenye fedha maradufu havijaweza kujisifu hivyo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini darubini ipelekwe mbali kiasi hicho, ilhali usiku wa Tsavo una giza la kutosha na nyota tele. Jibu limo katika hewa. Eksirei, ambazo hospitalini hupenya nyama na kuonyesha mifupa, hunyonywa zote na anga kabla ya kutufikia. Anayepanda Vuria, kilele cha Taita chenye zaidi ya mita 2,200, hapati hata chembe yake; wala aliye Kilimanjaro hapati. Sharti chombo kitoke nje ya hewa.

Kilipotoka kiliona mengi. Setilaiti hiyo, iliyobuniwa na Riccardo Giacconi na wenzake, ilijizungusha mara moja kila dakika 12, ikifagia mbingu ukanda kwa ukanda. Ilirekodi vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwavyo ni Cygnus X-1, kilichokuja kukubaliwa kuwa shimo jeusi. Lakini pengine ajabu kuu ilikuwa katika vishada vya galaksi, kama kile cha Coma kilicho umbali wa zaidi ya miaka nuru milioni 300: nafasi baina ya galaksi, ambayo kwa darubini za kawaida ilionekana tupu, imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Uzito wa gesi hiyo unazidi uzito wa nyota zote za galaksi zenyewe. Giacconi alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Jina la setilaiti hiyo lastahili kuangaliwa na wapenzi wa Kiswahili. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia mradi huo, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku na ya wenyeji. Hadi leo wanaastronomia duniani kote huviita vyanzo vingi kwa nambari zinazotanguliwa na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru, na wengi wao hawajui kwamba herufi hiyo ni ya Kiswahili.

Baada ya Machi 1988 majukwaa hayakurusha setilaiti tena. Broglio alikuwa amepanga roketi yenye nguvu zaidi kwa ajili ya Ngomeni, lakini serikali yake haikuridhia, na jambo hilo lilimuuma. Hata hivyo minara ya mawasiliano ya nchi kavu iliendelea kufanya kazi. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya Kiitalia BeppoSAX, iliyopeleka data zake kupitia Malindi, ilinasa mng'ao uliobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama, na ndipo ilipoanza kuthibitika kuwa milipuko hiyo hutoka katika galaksi za mbali mno.

Broglio alifariki Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Ngomeni sasa kinaitwa kwa jina lake. Mwezi Mei 2018 setilaiti ndogo iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kilekile alichofundisha Broglio iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani, ikawa ya kwanza kumilikiwa na Kenya.