Aliyeipigia Hesabu Hofu ya Mcheza Karata

Istilahi zetu za karata tulizipata kwa Wareno: shupaza, kopa, uru, pau, na hata neno karata lenyewe. Mchezo wa poka, hata hivyo, haukupata kuota mizizi katika Kiswahili. Ndiyo maana wanafunzi hapa Eldoret wanaoucheza kwenye simu hukosa neno la kumtaja mpinzani anayepandisha dau juu ya dau, kwa kishindo, kabla ya karata hata moja ya mezani kufunuliwa. Wengi hutupa karata zao. Wengine, kwa hasira, humpandishia naye, na karo ya muhula huteketea usiku mmoja.

Aliyelipa tatizo hili msingi madhubuti wa hisabati ni John von Neumann. Alizaliwa Budapest mwaka 1903, mwana wa mwanabenki, akapata udaktari wa hisabati mwaka 1926 huku akisomea pia uhandisi wa kemia kule Zürich. Mwaka 1928 alichapisha makala kuhusu nadharia ya michezo. Mwaka 1930 alivuka bahari kwenda Princeton, Marekani, na mwaka 1944, pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern, akatoa kitabu kikubwa chenye sehemu nzima kuhusu poka.

Alionyesha kwamba mcheza hodari hupandisha dau akiwa na karata bora kabisa, na mara nyingine akiwa na karata duni kabisa. Zile za wastani huzituliza. Basi anayetishwa ajibu vipi? Tuseme mezani pana shilingi 100, na mpinzani anaongeza 100. Ukilipia, unahatarisha 100 ili upate 200. Yatosha ushinde zaidi ya mara moja katika kila mara tatu. Na ukikimbia zaidi ya nusu ya nyakati, atafaidi hata akiwa na karata za ovyo. Kwenye poka halisi, karata zitakazofuata huitatiza hesabu hiyo, lakini msingi wake haubadiliki. (Kiswahili, kwa bahati njema, kina neno dau, ambalo pia ni chombo cha baharini.)

Kuanzia mwaka 1943 alishiriki kuunda bomu la atomiki huko Los Alamos, na ripoti yake ya mwaka 1945 ilieleza muundo ambao kompyuta nyingi zimeufuata. Hapo ndipo ninapoachana naye. Wasovieti walipolipua bomu lao mwaka 1949, yeye alikuwa miongoni mwa waliotaka Marekani iwashambulie kwanza. Sioni jinsi hesabu yake ilivyomfikisha huko: mchezo wa poka humpa aliyeshindwa nafasi ya kugawiwa karata upya kesho. Viongozi wa Marekani hawakuufuata ushauri huo. Saratani ilimuua mwezi Februari mwaka 1957, katika hospitali ya kijeshi jijini Washington, akiwa na umri wa miaka 53.