Nansen, mugeni aliyepokelewa

Kila mutu aliyerudi anajua vile karatasi moja inaweza kufungua njia ao kuifunga. Fridtjof Nansen alijua ile vizuri.

Alizaliwa Norwei, 1861. Mwaka wa 1895, yeye na mwenzake Hjalmar Johansen waliacha merikebu yao ndani ya barafu, wakitafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Walishindwa. Wakapitisha miezi ya baridi kali katika kibanda cha mawe na ngozi. Mwezi wa 6, 1896, Mwingereza mumoja, Frederick Jackson, akawakuta, akawalisha, na merikebu yake ikawarudisha.

Kisha vita kubwa, zamu ikawa yake. Kuanzia 1920, Ushirika wa Mataifa ulimupa kazi ya kurudisha wafungwa wa vita: zaidi ya 400,000 walifika kwao. 1922 akaanzisha karatasi ya njia kwa Warusi waliobaki bila inchi. Nyuma Waarmenia pia wakaipata. Serikali zaidi ya 50 ziliikubali. Mwaka ule ule akapata Zawadi ya Nobel ya Amani, na franga zake akazitoa kwa wenye shida.

Alikufa 1930. Zawadi yenye jina lake ilipewa Sista Angélique Namaika wa kwetu Kongo, 2013, juu ya kazi yake na wanamuke waliohamishwa huko Dungu.

Sisi pia tulipokelewa kule tulikokimbilia. Basi yule anayefika leo kijijini na muzigo kichwani, tutamuuliza kwanza kabila lake, ao tutamupa maji?