Dkt. Denis Burkitt: Daktari wa Mulago Aliyefungua Njia ya Kutibu Saratani ya Watoto

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi watoto katika maeneo yenye joto barani Afrika. Huvimbisha taya, na mara nyingi huingia katika figo, ini na viungo vingine vya tumbo. Jina lake linatokana na Dkt. Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago nchini Uganda, ambaye uchunguzi wake ulibadili namna dunia inavyoielewa saratani.

Dkt. Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity jijini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi, ikiwemo katika Afrika Mashariki. Mwaka 1946 aliajiriwa nchini Uganda na kupangiwa kituo cha Lira, kabla ya kuhamishiwa Mulago, jijini Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwona mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, pande zote mbili. Haikuwa kawaida kwa uvimbe wa saratani kujitokeza sehemu nne kwa wakati mmoja. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Alipompima mtoto huyo alibaini kuwa alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Alirejea katika kumbukumbu za wagonjwa na taarifa za uchunguzi wa maiti. Humo alikuta kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa ini, ambao ulikuwa ukipewa majina tofauti kulingana na kiungo, mara nyingi ulikuwa ndani ya mtoto mmoja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1958. Wanapatholojia wa Kampala walipochunguza vinyama kwa hadubini, walithibitisha kuwa ni ugonjwa mmoja: saratani ya seli za kinga za mwili.

Ili kujua mipaka ya ugonjwa huo, mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, Dkt. Burkitt alianza safari ya barabara kuelekea kusini akiwa na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa gari kuukuu walisafiri takribani kilomita 16,000 kwa majuma kumi na kutembelea zaidi ya hospitali 50, ikiwemo za Tanganyika, wakiwaonesha madaktari picha za wagonjwa na kuuliza kama wamewahi kuwaona wa aina hiyo.

Ramani waliyoichora ilionesha kuwa ugonjwa ulifuata joto na mvua, na ulikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Tofauti hiyo ya mazingira inafahamika vyema kwa wananchi wa Mkoa wa Songwe, ambako uwanda wa Mbozi na mji wa Tunduma una ubaridi, ilhali bonde la Ziwa Rukwa lina joto na mbu. Awali ilidhaniwa kuwa mbu hueneza kirusi cha saratani. Tafiti zilizofuata zilionesha kuwa mbu huchangia kwa njia nyingine: malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayodhibiti kirusi ambacho mtoto tayari anacho.

Kirusi hicho kiligunduliwa maabara. Mwezi Machi 1961 Dkt. Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Vinyama vya wagonjwa vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona kirusi ndani ya seli hizo kwa kutumia hadubini ya elektroni. Kirusi cha Epstein-Barr kilikuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Huenezwa zaidi kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kuugua saratani.

Kwa upande wa tiba, upasuaji haukuwa umewasaidia watoto, na Uganda haikuwa na mionzi. Dkt. Burkitt aligeukia dawa zilizokuwa bado changa, ikiwemo methotreksati na saiklofosfamaidi. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kuwa saratani inaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Dkt. Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966, ambako alijulikana pia kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia mwaka 1993.

Kazi yake imeacha funzo kwa kila mzazi. Seli za saratani hii huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili, hivyo wiki moja ya kusubiri ina gharama kubwa. Aidha, tiba huhitaji uangalizi wa hospitali, kwa kuwa seli zinapokufa kwa wingi taka zake hupita katika figo na zinaweza kuziziba. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji mengi.

Wananchi wanashauriwa kumfikisha haraka kituo cha kutolea huduma za afya mtoto yeyote mwenye uvimbe wa taya, meno yanayolegea bila sababu au tumbo linalokua kwa kasi, ili apewe rufaa mapema, na kuendelea kutumia vyandarua vyenye dawa kujikinga na malaria.