Guillaume Duchenne

Guillaume-Benjamin-Amand Duchenne (Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, 17 Septemba 1806 – Paris, 15 Septemba 1875) alikuwa daktari wa Ufaransa aliyechunguza magonjwa ya misuli na neva. Anajulikana hasa kwa ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli wa watoto wa kiume, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Maisha

Duchenne alizaliwa katika familia ya mabaharia. Baba yake alitaka arithi kazi ya bahari, lakini yeye alichagua udaktari. Alihitimu Paris mwaka 1831, kisha akarudi kwao kutibu watu.

Mke wake alifariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wao, Émile. Jamaa wa mke walimlaumu Duchenne kwa kifo hicho, wakamchukua mtoto. Baba na mwana walitengana kwa miaka mingi.

Kazi

Mwaka 1842 alirudi Paris. Hakuwa na cheo katika hospitali yoyote. Alizunguka wodini, hasa Salpêtrière, akibeba mashine yake ndogo ya umeme. Kwa kuusisimua msuli mmoja mmoja kupitia ngozi, aliweza kujua kazi ya kila msuli. Madaktari wengi walimdharau mwanzoni, lakini Jean-Martin Charcot alimheshimu kama mwalimu wake.

Mwaka 1862 alichapisha kitabu chenye picha kuhusu misuli ya uso. Charles Darwin alitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama. Duchenne alieleza pia kupooza kwa mkono wa mtoto mchanga kunakotokea neva za bega zinapovutwa wakati wa kuzaliwa.

Ugonjwa wa Duchenne

Daktari Mwingereza Edward Meryon alikuwa ameshaeleza ugonjwa huu kabla yake. Duchenne alipomweleza mtoto mgonjwa mwaka 1861, alidhani chanzo kiko katika ubongo. Alibuni sindano ya kuchukua kipande kidogo cha msuli wa mtu aliye hai, akakichunguza kwa hadubini. Mwaka 1868 alieleza watoto 13 na kukubali kwamba ugonjwa uko katika misuli yenyewe. Mashavu ya miguu ya watoto hao yalionekana manene, kumbe nyuzi za misuli zilikuwa zikipotea na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta na tishu nyingine.

Mtoto huzaliwa na kasoro hiyo, lakini dalili huonekana baadaye: huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara na hushindwa kupanda ngazi. Chanzo ni hitilafu ya jeni iliyoko kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata hasa wavulana. Mama anaweza kubeba jeni hiyo bila kuugua, ingawa wakati mwingine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe. Protini inayokosekana, distrofini, iligunduliwa mwaka 1987. Dawa za steroidi hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini haziuponyi.

Miaka ya mwisho

Émile, aliyekuwa daktari pia, alipatana na baba yake wakafanya kazi pamoja, lakini alifariki kwa homa ya matumbo miaka michache kabla yake. Duchenne alifariki Paris siku mbili kabla ya kutimiza miaka 69.