Louis Armstrong: Mwana wa Tarumbeta Mbele ya Okestra

Msomaji wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934, anaifahamu Frere Town ya Kisauni, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Katika pwani hiyo hiyo, karne ya 19 ilipokuwa ikiishia, vijana walianza kuiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta na ngoma. Mchezo huo ukaitwa beni, na Mombasa ikagawanyika baina ya Kingi na Skochi. Ng'ambo ya bahari, katika mji wa New Orleans nchini Marekani, wajukuu wa watumwa nao walikuwa wakipuliza vyombo kama hivyo katika maandamano na maziko. Miongoni mwao alitoka Louis Armstrong.

Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika mtaa wa mafukara. Baba yake aliitelekeza familia, akalelewa na nyanya na mama yake. Katika mkesha wa kuingia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani, akakamatwa na kupelekwa katika makao ya watoto weusi watukutu. Mahali pa adhabu pakageuka chuo. Mwalimu Peter Davis alimfunza kupuliza korneti, ndugu mdogo wa tarumbeta, na hatimaye akawa kiongozi wa bendi ya makao hayo.

Mwaka 1922 alikwenda Chicago kujiunga na bendi ya mlezi wake wa kisanaa, King Oliver. Santuri alizorekodi huko baina ya 1925 na 1928 ziliubadili muziki wa jazi. Hapo awali wapigaji walisikika zaidi kama kundi. Armstrong alimpa mpigaji mmoja uwanja wa kutunga papo hapo, mithili ya malenga anayejibu beti mbele ya hadhira. Hata hivyo, kwa wengi waliojiita wastaarabu, jazi iliendelea kuwa muziki wa vilabuni, usiostahili kuketi pamoja na simfonia.

Ndiyo maana usiku wa tarehe 14 Julai 1956 una uzito wa pekee. Katika uwanja wa Lewisohn, New York, Armstrong na bendi yake walipiga St. Louis Blues pamoja na okestra ya simfonia iliyoongozwa na Leonard Bernstein. Mtunzi wa wimbo huo, W. C. Handy, mzee kipofu mwenye umri wa miaka 82, alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji, akafuta machozi. Bernstein aliueleza umati kwamba okestra yake ilikuwa ikiiga tu, kwa ukubwa, kile ambacho Armstrong alikifanya kwa asili. Mwenye okestra ndiye aliyekiri deni. Muziki wa usiku ule ulihifadhiwa, ukatolewa mwaka 1957 katika albamu Satchmo the Great.

Je, heshima ya jukwaani ilitosha? Vijana wengi weusi walimlaumu kwa tabasamu lake pana, wakaliona kuwa la kuwafurahisha Wazungu. Mwezi Septemba 1957, wanafunzi weusi walipozuiwa kuingia shuleni huko Little Rock, Armstrong alimshutumu Rais Eisenhower waziwazi, akakataa ziara ya Muungano wa Kisovieti iliyopangwa na serikali. Wenye kumbi na redio walikasirika, naye hakuifuta kauli yake.

Mwaka 1960 alizuru Afrika, safari hii kwa msaada wa serikali ile ile. Alipiga Ghana na Léopoldville, na Kenya, iliyokuwa bado koloni, nayo ilimpokea. Alikuta neno jazi limekwisha kufika kabla yake: Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930, ingawa muziki wake ulikuwa wa dansi. Waafrika walikuwa wamelichukua jina na kulitia maana yao, kama walivyofanya kwa beni.

Armstrong alifariki usingizini nyumbani kwake New York tarehe 6 Julai 1971. Kengele ya Frere Town ingali inatazamwa na wapitao Kengeleni, Kisauni, nayo inawakumbusha waliokomboa na waliokombolewa. Santuri ya mwaka 1956 ni ukumbusho wa namna nyingine: humo mjukuu wa watumwa hasimuliwi na mtu. Ndiye anayepuliza, na okestra nzima inamfuata.